"Mbona anaongea kama wewe, Mama?"

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ujerumani mwaka wa tatu sasa na nasoma Kijerumani darasa la jioni. Utotoni kwetu tulikuwa hatukosi kile kichekesho cha Mind Your Language. Majuzi nimekipata mtandaoni, nikamwita binti yangu wa miaka 10 tukiangalie pamoja. Alipofika yule Mjapani anayemalizia kila neno kwa "o" mimi nikaangua kicheko, yeye akanigeukia: "Mbona anaongea kama wewe, Mama?" Nikazima. Na kweli darasani kwetu wenzangu hucheka nikisoma kwa sauti. Je, tulikosea kukicheka kipindi kile? Na kuna mtu mzima anayejifunza lugha kwa makosa ya namna ile, au ni uongo wa televisheni tu?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Swali lako lilinifika Jumatatu, na mpaka leo Ijumaa nimekuwa nikilijibu huku nafanya mengine, nachemsha chai, nasahihisha madaftari. Nimefundisha Kiswahili kwa wageni miaka 22, kwa hiyo hiyo sehemu ya makosa ndiyo kazi inayonilisha. Sehemu ya kucheka ni deni langu mwenyewe, nitalifikia. Naanza na binti yako, maana kati yenu wawili mliokuwa mbele ya skrini, aliyesikiliza kimwalimu ni yeye.

Kwa wasomaji wengine ambao hawakuwahi kukiona: kipindi kilianza kuonyeshwa Uingereza tarehe 30 Desemba 1977, na London Weekend Television. Aliyekibuni ni Vince Powell. Kijana mmoja, Jeremy Brown, anapewa darasa la jioni la Kiingereza kwa wageni jijini London, baada ya mwalimu aliyemtangulia kurukwa na akili. Ndani ya darasa kuna Mhispania, Mwitaliano, Mgiriki, Mfaransa, Mjerumani, Mchina, Mjapani, Mpakistani, Singasinga wa Punjab, na mama wa Kihindi anayefuma sweta tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Kila mmoja ana neno lake asilolichoka. Basi, hicho ndicho kipindi chote.

Yule Mjapani ni Taro Nagazumi. Alichokuwa akifanya kina mizizi. Silabi za Kijapani karibu zote huishia kwa irabu. Nje ya sauti ya king'ong'o, konsonanti kukaa peke yake mwishoni mwa neno ni jambo lisilojulikana. Mjapani akikutana na neno la Kiingereza lenye konsonanti mbili tatu zilizobanana, ulimi wake unatafuta irabu ya kuziachanisha. Sisi wa isimu tunaita uchopekaji wa irabu. Waandishi walitia chumvi, kwa sababu Mjapani wa kweli hachopeki "o" kila mahali: mara nyingi irabu yake ni "u", na "o" huja baada ya t na d. Lakini chungu walichokitia chumvi kilikuwa jikoni kweli.

Sasa geuka utazame Kiswahili. Bank tumeifanya benki, bus tumeifanya basi, club tumeifanya kilabu. Ile Schule ya Wajerumani, anakokwenda binti yako kila asubuhi, babu zetu waliichukua ikawa shule. Hiyo ilikuja na irabu yake, haikutusumbua. Na hatukuishia kwenye irabu. Neno la Mwarabu, kitab, tulilisikia lina "ki" mwanzoni, tukasema kumbe ni ndugu wa kiti na kisu, tukalipa wingi: vitabu. Mwarabu, ambaye wingi wake ni kutub, ana haki zote za kutucheka. Mudguard ya gari tulisikia "ma" mbele yake, tukaona huo ni wingi, kwa hiyo lazima umoja upo mahali. Tukauzaa: digadi moja, madigadi mawili. Ukiyaita hayo makosa, basi kamusi imejaa makosa yaliyopewa vyeti.

Kwa hiyo mjibu binti kwamba ndiyo, anaongea kama Mama, na kama bibi, na kama kila aliyelelewa na lugha inayopenda neno lifunge kwa irabu. Sijakusikia ukisoma, lakini naweza kuapa kwamba mbele ya neno Herbst, yale majira ya majani kupukutika, umewahi kusema "Heribisti". Tazama lilivyo: baada ya ile e moja, r, b, s na t zimepangana kama abiria wa matatu ya saa kumi na mbili jioni. Na Strumpf, soksi tu jamani, ina konsonanti tatu mlangoni na tatu uani! Masikio yako yamesikia sawasawa. Ulimi ndio umefanya kile ulichofundishwa tangu ukiwa mgongoni kwa mama: umewatafutia abiria viti.

Nina dau jingine. Nadhani unachanganya er na sie, yaani yeye wa kiume na yeye wa kike, unamwita mwalimu wa kike kwa neno la mwanamume, watu wanatazamana. Sisi tuna yeye, anatosha wote. Mswahili akisimulia habari ya mtu anaweza kufika mwisho wa hadithi kabla msikilizaji hajajua ni bwana au bibi. Kijerumani, kama Kiingereza, kinataka jambo hilo lijulikane mlangoni. Hapo tena si ujinga. Ni chumba ambacho nyumba yako haikuwa nacho, na wenzako wamezaliwa ndani yake. (Wakilalamika juu ya der, die na das, vile vitangulizi vya jinsia tatu za majina ya Kijerumani, wewe nyamaza tu. Umekua na ngeli zaidi ya kumi bila kuzihesabu.)

Mwaka 1967 mtaalamu mmoja wa Edinburgh, Pit Corder, aliandika makala kuhusu maana ya makosa ya mwanafunzi, na ualimu wa lugha haukurudi tena ulivyokuwa. Kabla yake kosa lilikuwa takataka, kazi ya mwalimu ni kufagia. Yeye akasema lisome, litakuonyesha kanuni ambayo mwanafunzi amejitungia kichwani. Miaka mitano baadaye Mmarekani Larry Selinker akakipa jina kile kinachosemwa na mtu aliyeacha lugha moja na hajafika ya pili. Mimi darasani nakiita lugha ya njiani. Ina sarufi yake, tena sarufi inayobadilika kila mwezi.

Na hapo, dada, ndipo uongo wa kipindi kile ulipo.

Kichekesho cha kila wiki kina sheria moja ngumu: wiki ijayo kila mtu arudi alipokuwa. Mlevi asiache pombe, bahili asianze kutoa. Ukimwondolea mhusika kasoro yake umemfukuza kazi. Kwa mlevi sheria hiyo haina neno. Lakini iweke darasani uone: unapata darasa ambalo hakuna anayejifunza. Juan Cervantes anaanza na "por favor", na misimu mitatu baadaye yuko pale pale na "por favor" yake. Ranjeet Singh bado anaomba samahani elfu moja, viganja vimekutana kifuani. Taro bado anainama na "o" yake.

Mwanafunzi halisi hawi hivyo hata kidogo. Ana makosa ya mwezi wa pili na makosa ya mwezi wa tisa, na hayafanani. Mara nyingine anazidi kuharibika kwa sababu anaendelea. Wageni wangu wiki ya kwanza husema "nina njaa" bila kosa, kwa kuwa wameimeza nzima kama kidonge. Mwezi wa tatu wanajua kazi ya "ni", wameielewa, wanaifurahia, na ghafla naanza kusikia "mimi ni njaa". Mgeni wa nje ya darasa atasema wamerudi nyuma. Mimi nafurahi kimoyomoyo, kwa sababu sasa wanajenga wenyewe, hawakariri. Mwezi wa tano "nina njaa" inarudi, safari hii ni mali yao.

Kinachoniuma nikikitazama leo ni kwamba kosa limefanywa kabila. Juan hana kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ana kosa la Mhispania, amezaliwa nalo na atazikwa nalo. Hilo ndilo lililonisumbua kuliko kofia na vilemba.

Tena ukikaa na kipindi chenyewe unaona kinavyovuja. Ali Nadeem, Mwislamu wa Lahore, na Ranjeet, Singasinga wa Punjab, hawapatani kila jioni, wanarushiana maneno kwa Kiingereza kilichovunjika. Mtu wa Lahore na Mpunjabi wa upande wa pili wa mpaka wana lugha moja ya nyumbani! Wakitaka kutukanana, Kipunjabi kipo na kina matusi ya kutosha. Na waliowacheza? Albert Moses, Ranjeet wetu, alizaliwa Sri Lanka. Dino Shafeek, Ali wetu, alizaliwa Dhaka. Max, yule Mgiriki, alichezwa na Kevork Malikyan, Mwarmenia aliyezaliwa Uturuki. Yule dada wa Kichina mwenye kitabu chekundu cha Mao, Pik-Sen Lim, ni mzaliwa wa Penang, Malaysia. Danielle wa Ufaransa, Françoise Pascal, alizaliwa Mauritius. Watu hawa walikuwa waigizaji wa kulipwa jijini London. Kiingereza walikuwa nacho. Mshahara wao ulikuwa wa kukivunja. Hiyo ni kazi ngumu, nawavulia kofia. Jaribu wewe kukosea Kiswahili kwa mpango, kosa lile lile, sauti ile ile, wiki baada ya wiki.

Sasa kucheka.

Kicheko hakina uzito mmoja kila mahali. Tarehe 13 Agosti 1977, miezi minne na nusu kabla ya Bwana Brown kuingia darasani, chama cha National Front kilichotaka wageni wafukuzwe kiliandamana Lewisham, kusini mwa London, na barabara zikageuka uwanja wa vita. Miaka mitano kabla ya hapo Idi Amin alikuwa amewapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, na watu wapatao 27,000 waliingia Uingereza. Miongoni mwa akina Ali na Ranjeet wa kweli wa London ya mwaka ule walikuwamo watu hao. Wengi wao Kiingereza walikuja nacho mdomoni kutoka shule za Kampala na Jinja, na walikuwamo waliojua Kiswahili kama mimi na wewe. Mtoto wao akienda shule Jumatatu asubuhi baada ya kipindi, akasalimiwa na darasa zima kwa samahani elfu moja, sidhani kama alichekea lile alilochekea jirani yake Mwingereza. Michael Grade, aliyekuwa mkuu wa vipindi wa kampuni ile, alikifuta baada ya misimu mitatu, mwaka 1979, kwa kuona kinawadhalilisha wageni. Kikafufuliwa 1986 kwa sehemu 13 zisizokumbukwa na wengi.

Sisi huku tulikaa wapi? Hili sikuwahi kujiuliza hadi barua yako. Hesabu wanafunzi wa kudumu wa misimu ile mitatu: hakuna Mwafrika hata mmoja. Dunia nzima imekaa kwenye yale madawati, sisi tumeketi upande wa Bwana Brown, tunatazama wengine wakiumbuka. Tulipewa kiti kizuri bila kukilipia. Angekuwepo Otieno au Wanjiku darasani, amevalishwa vazi la ajabu na neno moja la kurudiarudia, nadhani tungecheka pia, lakini mzee wa nyumba angekohoa kidogo.

Wala sisi si malaika wa lafudhi. Kipenzi kikubwa cha watazamaji wa vichekesho vya Kenya, Mzee Ojwang wa Vitimbi, alizungumza kwa lafudhi ya Kijaluo iliyokolea, na aliyemcheza, Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Tulilijua hilo na tukampenda zaidi. Tofauti ninayoiona, na nikubalie hata kama huafiki, ni kwamba Mzee Ojwang alikuwa mtu kwanza: ana mke anayemshinda maneno, ana ujanja, ana tamaa, ana hofu. Ukimwondolea lafudhi bado amebaki mzee mzima. Mwondolee Taro ile "o" uone kinachobaki. Suti na kuinama.

Hata hivyo kuna jambo linanizuia kukitupa kipindi chote. Kilipendwa sana huko huko walikotoka waliochekwa, India, Pakistani, Sri Lanka. Wahindi walikipenda hadi wakatengeneza chao, Zabaan Sambhalke, mwaka 1993, na wakakipindua: darasa ni la Kihindi, mwalimu ni Mhindi, na miongoni mwa wanaohangaika na ngeli na matamshi yumo Mwingereza. Aliyemcheza, Tom Alter, alizaliwa na kukulia India, wazazi wake wamisionari wa Kimarekani. Kihindi na Kiurdu chake kilikuwa cha kuwaonea wivu. Mchezo ni ule ule, ila zamu imegeuka. Mpaka leo nasubiri mtu atuandikie darasa la Kiswahili la namna hiyo. Vichekesho ninavyo daftari zima, nitavitoa bure.

Deni langu sasa. Nilikuwa darasa la tano. Alihamia kwetu mvulana kutoka upande mwingine wa nchi, jina lake silitaji. Lugha ya kwao haikutenganisha l na r, basi siku yake ya kwanza kusoma kwa sauti "kula" ikatoka "kura" na "lala" ikatoka "rara". Mimi nilikaa dawati la nyuma yake. Nikapaza sauti ya Juan, "Por favor!", darasa likavunjika mbavu. Mwalimu mwenyewe alijifunika uso kwa kitabu. Tangu siku hiyo jina lake likawa Porifavo. (Iangalie hiyo "i" katikati. Sisi tuliokuwa tunamcheka kwa matamshi.)

Hesabu alituacha wote mbali. Lakini zamu ya kusoma ikifika alisimama, akafungua kitabu, akautazama ukurasa hadi mwalimu akamruka. Mwaka mzima hivyo. Nilikuwa namwona kwa nyuma: kidole gumba kwenye pembe ya karatasi, kinaipinda, kinaikunjua, kinaipinda, hadi siku moja ile pembe ikatoka ikaanguka sakafuni.

Kipindi hakikunipa ukatili, huo nilikuwa nao. Kilinipa neno la kuutumia. Kwa hiyo ukiniuliza kama wewe mtoto uliyecheka sebuleni ulikosea, nasema hapana, lala usingizi. Mtoto anacheka sauti ngeni kama anavyocheka mtu akiteleza kwenye tope. Swali linaanza asubuhi inayofuata, ulikipeleka kicheko kwa nani. Mimi najua nilikipeleka kwa nani.

Sasa sikia kicheko kingine, cha ukubwani. Mwanafunzi wangu mmoja, nesi wa makamo, alikuwa amepanga chumba kwa mama mtu mzima asiyejua Kiingereza. Alipenda kumsaidia jikoni. Jioni moja akataka kuahidi kwamba kesho mapishi ni zamu yake. Alikuwa ameshika neno kupika, ila kauli ya kutendea ilikuwa bado haijamkaa. Akasema kwa adabu zote, mkono kifuani:

"Mama, kesho nitakupika."

Mama akaacha kupepeta mchele. Akamtazama juu hadi chini, akasema, "Haya mwanangu, lakini uanze na miguu mapema. Mimi nimezeeka, sitaiva leo wala kesho."

Alinisimulia yeye mwenyewe darasani, analia kwa kucheka. Mama yule alicheka hadi akakaa chini, kisha akamshika mkono akasema polepole: "Nita-ku-pi-ki-a. Sema." Akasema. "Tena." Akasema tena. Kesho yake akampikia kweli. Na kwa miezi, kila akiingia jikoni, alipokewa na "Leo hunipiki?" Katika wanafunzi wote wa mwaka ule hakuna aliyeishika kauli ya kutendea kama yeye. Alianza kuitumia hata pasipohitajika, ananiandikia barua kunisalimia na kuniombea na kuninunulia na kunicheleweshea kazi ya nyumbani.

Tazama kilichotokea baada ya kicheko. Mama alimrudishia neno. Alimwambia sema, akangoja. Mwalimu wetu wa darasa la tano hakumrudishia yule mvulana chochote. Alipomaliza kujifunika na kitabu alimwita mwingine asome. Mimi nilikuwa na kosa langu, lakini mlango ulifungwa na mtu mzima.

Kwa kipimo hicho Bwana Brown si mwalimu mbaya, pamoja na kwamba Barry Evans alimchezea uso wa mtu anayeumwa jino. Anasahihisha kila kosa papo hapo, jambo ambalo nisingemshauri mwalimu yeyote, mwanafunzi hamalizi wazo. Anaongea sana. Ila huwa hamfukuzi mtu. Anakosewa, anashusha pumzi, anauliza tena, anangoja. Nao wanarudi kila jioni kutoka kazini, kutoka jikoni kwa watu, kutoka kwenye treni za chini ya ardhi alikoajiriwa Ranjeet. Watu wazima waliochoka wakirudi darasani jioni ya baridi, hilo silioni kuwa kichekesho, na nadhani ndilo lililotufanya tuwapende bila kujua.

Tuje kwako. Wanaokucheka darasani ni wageni kama wewe, au sivyo? Basi nao wana Herbst zao, subiri tu. Lakini usisubiri kwa kunyamaza. Mtu mzima akishaogopa kufungua kinywa hata masikio yanaanza kuziba. Mfuate mwalimu wako baada ya kipindi, si mbele ya watu, umwombe mawili. Asikukatishe katikati ya sentensi, akusahihishe ukifika mwisho wa aya. Na darasa likicheka, yeye asicheke akaita jina jingine. Akurudishie sentensi ile ile uimalize. Mwalimu mzuri atakuelewa kabla hujamaliza kusema. Asipoelewa, badilisha darasa, kiburi hakihitajiki.

Lafudhi yenyewe isikukoseshe usingizi. Wengi wetu tulioanza lugha ukubwani tutabaki nayo, na mtu anaweza kuwa na lafudhi nzito akaeleweka neno kwa neno. Tafuta kueleweka. Kwa er na sie, acha kukariri jedwali: kila ukimtaja mtu mwone usoni kwanza, halafu ndiyo useme. Kunachelewesha wiki mbili tatu, kisha kunazoeleka.

Na Herbst tunaifungua kwa kuanzia mkiani. Sema "st" peke yake, kama unamnyamazisha mtoto halafu unafunga kwa ncha ya ulimi. Mara kumi. Ongeza "bst". Midomo imebana, inaachia hewa, haiachii sauti; weka kiganja mbele ya mdomo usikie upepo, kisha vidole kooni uhakikishe hakuna mtetemo. Mtetemo ukiusikia, ile irabu yetu imejipenyeza. Halafu "erbst", halafu Herbst nzima. Ikikataa, mwanzoni iunge na neno linaloanza kwa irabu, Herbst ist, ulimi upate irabu unayoililia kutoka kwa jirani badala ya kuitunga. Wajerumani hukata kidogo hapo katikati, utakuja kukata na wewe baadaye.

Kaa na binti ufanye zoezi hili naye, yeye ana sikio. Msimulie habari za Taro, na digadi, na vitabu. Mkirudi kukiangalia kile kipindi, kiangalieni, mwache aulize. Akikucheka ukikwama kwenye Strumpf, mwambie haya, sasa zamu yake: aseme ng'ombe. Si n-gombe wala nyombe. Ng'ombe. Shule ya Kijerumani imempa sauti hiyo mwishoni mwa neno, mwanzoni haijampa, kwa hiyo nadhani jaribio la kwanza litakwama puani. Cheka kidogo. Kisha mwambie tena, ungoje.